Sheikh Bakri Sapalo, Mwalimu Aliyewaundia Waoromo Herufi

Mtu wa pwani ashukapo garini Isiolo, baada ya kuuacha Mlima Kenya mgongoni na ubaridi wa Meru, hashangazwi na joto, maana joto amelizoea kwao. Kimshangazacho ni vibao. Mji ule ni njia panda ya makabila: Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, na kila mmoja ana duka lake, hoteli yake au kibanda chake, na juu ya kila mlango yapo maandishi. Hapa Kiswahili, pale Kiingereza, na juu ya mlango wa madrasa Kiarabu kilichoandikwa kwa rangi ya kijani. Mwenye kusoma polepole huweza kutembea mtaa mzima asifike mwisho wake kabla ya adhana ya alasiri.

Ni katika mtaa kama huo nilipomkuta kijana mmoja mchora vibao, Mborana, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, na mbele yake ubao uliokwisha pakwa rangi nyeupe. Alikuwa amesomea fani hiyo Nairobi, katika chuo kimoja kifunzacho usanifu wa maandishi na picha, na akinieleza mambo aliyofunzwa nilivutiwa sana. Alifunzwa unene wa herufi na wembamba wake, nafasi baina ya herufi na jirani yake, na vipi jicho la msomaji hutembea juu ya ukurasa. Haya yote sisi wa chuoni tulifunzwa na mwalimu wetu kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, ingawa hatukuwa tukiyaita usanifu; na aliyekosea nafasi alirejeshwa ubao wake aufute na kuanza upya.

Lakini siku ile kijana alikuwa amekwama. Akina mama wauzao maziwa ya ngamia walitaka kibao, na walitaka neno la maziwa liandikwe kwa Kiborana, na yeye hakuwa na hakika ni irabu ngapi zikae pale, wala herufi ngapi zirudufiwe. Mmoja wa akina mama alisema hivi, mwingine akasema vile, na kila mmoja alitamka sawasawa kabisa. Ulimi ulikuwa na hakika, mkono ndio uliosita. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini na tasbihi yake akacheka, kisha akasema kwamba huko kwa ndugu zao Waoromo wa Harar palikuwa na sheikh aliyelifungua fundo hilo zamani, na serikali ikamtia kifungoni kwa ajili yake.

Ndugu msomaji, sheikh huyo ndiye ninayetaka kukusimulia habari zake leo. Kwa Waoromo jina lake halihitaji kutangulizwa. Kwetu sisi tulio kando ya bahari halijulikani ipasavyo, ingawa Waorma wa Mto Tana, majirani zetu, ni wa lugha ile ile.

Jina lake la kuzaliwa ni Abubakar, mwana wa Garad Usman. Alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka 1895, yaani mwaka 1313 wa Hijria, katika nchi ya Hararghe, mashariki ya Ethiopia. Yafaa tukumbuke ulikuwa wakati gani huo. Miaka minane tu kabla yake, mwanzoni mwa 1887, Menelik alikuwa ameuteka mji wa Harar, mji wa Kiislamu wenye ukuta wake na misikiti yake mingi, na watu wa nchi ile, Waoromo na Waharari, wakajikuta chini ya ufalme ambao haukuwa wa lugha yao wala wa dini yao. Baba yake Abubakar alikuwa mtu mwenye ardhi, hivyo mtoto hakukulia katika ufukara. Lakini alikulia miongoni mwa watu walioanza kulima mashamba ya babu zao kwa faida ya wengine.

Alisoma Kurani, kisha akafanya kama wafanyavyo wote wenye kiu ya ilimu katika nchi zile, na kama walivyofanya wazee wetu waliokwenda Lamu, Unguja na Hadhramaut. Alifunga safari kutoka kwa sheikh huyu mpaka kwa yule, mahali hapa akichukua fikihi, pengine nahau, akila kilichopatikana na kulala penye mkeka. Miaka ilipotimia akarudi na kuanza kusomesha. Mahali aliposomesha panaitwa Sapalo, na kwa kuwa Waislamu wa kule huwaita masheikh wao kwa mahali pa darasa lao, akawa Sheikh Bakri Sapalo, na jina la baba likasahauliwa na wengi.

Alikuwa mwalimu, na alikuwa mshairi. Na hapa mimi nikiwa mtu wa tungo nitasimama kidogo. Sheikh Bakri alikijua Kiarabu barabara, akaandika kwa Kiarabu juu ya historia ya Waoromo na nchi yao. Angeweza kutunga kwa Kiarabu peke yake, na wanavyuoni wenziwe wangemsifu. Lakini aliona kwamba mkulima na mchunga ngamia hawafaidiki na bahari za Waarabu. Akatunga kwa Kioromo. Mashairi yake yaliingia vijijini kwa njia ya masikio, yakahifadhiwa na watu wasiojua alifu wala bee, na ndani yake mlikuwa na mawaidha ya dini na mlikuwa na kilio cha wanaodhulumiwa. Mshairi wa namna hiyo watawala humtazama kwa jicho la pembeni hata kabla hajafanya jambo jingine lolote.

Basi ilipofika kuyaandika mashairi yale, ndipo taabu ilipoanza.

Sisi watu wa Mvita tunaijua taabu hiyo. Herufi za Kiarabu ziliandikia Kiswahili kwa karne kadhaa, na tenzi zetu zote kubwa zimo ndani yake. Lakini kila aliyezisoma hati za wazee anajua kwamba sauti ya pe huandikwa kwa bee, na che kwa shini, na ye hukisia mwenyewe kama pale ni i au e, u au o. Mwenye lugha husoma bila kigugumizi kwa sababu analijua neno kabla ya kuliona. Mgeni huanguka kila hatua. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia padri Taylor kuzikusanya tungo za Muyaka, alilishughulikia jambo hilo katika karne ya kumi na tisa, na baada yake Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, naye alizirekebisha zikidhi matamshi yetu. Mwaka ule ule wa 1930 ndipo ilipoanza kazi ile kamati ya serikali za kikoloni ya kusanifisha Kiswahili, kwa herufi za Kilatini. Mnajua ni ipi iliyoshinda. Bibi yangu mzaa mama aliandika barua maisha yake yote, na alipokuja karani wa kuhesabu watu akamwandika miongoni mwa wasiojua kusoma.

Kioromo ni kigumu zaidi kuliko Kiswahili katika jambo hili, na nitaeleza kwa nini, maana hapo ndipo ilipo akili ya Sheikh Bakri. Kwanza, kina irabu tano fupi na irabu tano ndefu, na urefu hugeuza maana. Lafa ni ardhi. Laafaa ni kitu laini. Pili, konsonanti huweza kukazwa, na mkazo nao hugeuza maana. Badaa ni kibaya, na baddaa ni nchi ya juu yenye baridi. Tatu, kina sauti zipasukazo kooni, na ile dh yao ambayo si dhali ya Kiarabu wala si d yetu, bali ulimi hurudi nyuma na pumzi huvutwa kama kwamba mtu anameza. Jaribu kuwasikiliza Waborana wa Isiolo wakitaja siagi, dhadhaa, utaisikia mara mbili katika neno moja.

Herufi za Kiarabu zina shadda kwa kukaza na madda kwa kurefusha, kwa hiyo nusu ya kazi zaiweza. Lakini hazina e wala o, hazina che, nye wala ile dh. Herufi za Kihabeshi, zile zilizoandikia Kigeezi na Kiamhara, zinazo sauti nyingi zipasukazo, na kila herufi huchukua irabu yake mwilini. Ila zina mipango saba tu ya irabu, haziutengi urefu na ufupi kama Kioromo kitakavyo, wala hazionyeshi kukaza. Kwa herufi hizo hizo ndipo Onesimos Nesib, Mworomo aliyekuwa mtumwa akakombolewa, alipoitafsiri Biblia kwa msaada wa Aster Ganno, ikapigwa chapa Uswisi mwaka 1899. Ilikuwa kazi kubwa, hakuna mwenye insafu atakayeikana. Hata hivyo kwa Muislamu wa Harar, herufi za Kihabeshi zilikuwa herufi za mtoza kodi.

Na za Kilatini? Wamisionari walizitumia, na Waitaliani walioikalia Ethiopia tangu 1936 hata 1941 walizileta pamoja na bunduki zao. Zingeweza kufaa, na leo zimefaa, kama tutakavyoona. Lakini wakati ule zilikuwa za mgeni.

Sheikh Bakri alikaa na matatizo haya miaka mingi. Hakuwa na chuo kikuu, wala chumba cha utafiti, wala karatasi za kutosha. Alichokuwa nacho ni sikio la mshairi, nahau ya Kiarabu iliyomfunza kuzipanga sauti kwa makhraji yake, na wanafunzi waliomzunguka, ambao aliweza kuwajaribia kila alama aipendekezayo. Ilipofika mwaka 1956 alikuwa amekamilisha mfumo mzima wa maandishi. Maumbo ya herufi aliyaunda mwenyewe. Utayatazama, hutaona alifu wala lamu, wala herufi ya Kihabeshi iliyovikwa nguo nyingine. Lakini hekima ya herufi zote mbili imo ndani. Kila konsonanti ina umbo lake, ile dh na zile zipasukazo zikiwa na zao makhsusi; irabu huonyeshwa kwa alama zinazoambatana na konsonanti, kila moja kati ya zile kumi ikitengwa na mwenzake; na kukaza hakukusahauliwa. Mtoto wa chuoni aliyezoea fataha, kasra na dhumma asingeona jambo geni katika kanuni yake, ingawa maumbo yote yangekuwa mapya machoni pake.

Nilipomweleza haya yule kijana wa Isiolo, swali lake halikuwa la dini wala la siasa. Aliuliza kama herufi zile huandikika upesi, bila kunyanyua kalamu kila mara. Nikaona kweli chuo kimemfunza. Maana kuunda alama thelathini juu ya karatasi ni jambo liwezekanalo kwa mtu mwenye subira. Kuunda alama ambazo watu wataandikiana barua kwazo ni jambo jingine. Na wanafunzi wa Sheikh Bakri waliandikiana barua. Huo ndio ushahidi.

Naye hakuwa peke yake barani katika shughuli hii. Kwa Wasomali, Osman Yusuf Kenadid alikuwa ameunda herufi zake katika miaka ya 1920. Solomana Kante wa Guinea, naye Muislamu na mwana wa mwalimu wa Kurani, alitoa herufi za N'Ko mwaka 1949 kwa lugha za Kimandinka, na hizo zimeishi, zina vitabu na magazeti mpaka leo. Wote hawa walisukumwa na uchungu ule ule, wa kuambiwa kwamba lugha zao haziandikiki.

Tofauti ya Guinea na Hararghe ilikuwa serikali. Katika Ethiopia ya Haile Selassie lugha ya shule, ya mahakama na ya magazeti ilikuwa Kiamhara, na amri ya mwaka 1944 juu ya wamisionari iliagiza hata wao wasomeshe kwa lugha hiyo. Kioromo, lugha ya mamilioni ya raia wake, hakikupewa mlango wa matbaa. Sasa fikiri hali ya mkuu wa wilaya anayeletewa karatasi iliyojaa alama asizozijua, naye anasikia kwamba vijana katika vijiji kadhaa wanazisoma, na kwamba mwenye kuzifunza ni sheikh yule yule ambaye mashairi yake yanataja dhuluma. Huenda karatasi ilikuwa ya salamu tu na habari za mavuno. Lakini mtawala asiyeweza kusoma barua ya raia wake halali usingizi.

Herufi zikapigwa marufuku, na katika miaka ya 1960 Sheikh Bakri akachukuliwa Dire Dawa, mji wa reli, akawekwa katika kifungo cha nyumbani. Akazuiliwa kuufikia umma wake. Mzee aliyezoea kusomesha chini ya miti, akawa anahesabu kuta.

Humo humo akaandika. Kitabu kidogo chenye jina la Shalda, kwa lugha ya Kioromo na kwa herufi zake mwenyewe zilizokatazwa, kikieleza mateso ya watu wake chini ya utawala ule. Hakikuweza kupigwa chapa. Hapakuwa na mahali popote duniani palipokuwa na herufi za risasi za maandishi yale, na kuzisubu kulihitaji fundi, fedha na ruhusa, na Sheikh hakuwa na hata kimoja katika hivyo vitatu. Kila nakala ilibidi iandikwe kwa mkono, na kila mwenye nakala alikuwa na sababu ya kuificha. Kazi nyingi za mzee huyu zimepotea kwa namna hiyo, wala si kwa moto au mchwa.

Mwaka 1974 mfalme akaangushwa na askari. Wengi walidhani kumekucha. Lakini Derg nayo ikageuka, zikaja zile siku za damu zilizoitwa Ugaidi Mwekundu, na juu yake vita vya Ogaden baina ya Ethiopia na Somalia mwaka 1977 na 1978, vilivyoikanyaga Hararghe yote. Watu kwa malaki wakakimbia kuelekea Somalia. Miongoni mwao, mwaka 1978, alikuwa Sheikh Bakri pamoja na mkewe. Umri wake ulikuwa umepita miaka themanini. Mwanachuoni aliyekuwa akisafiriwa na wanafunzi kutoka mbali akapangiwa hema katika kambi ya wakimbizi, na huko, baada ya kuugua, akafariki tarehe 5 Aprili 1980, mwaka 1400 wa Hijria. Mwenyezi Mungu amrehemu na amkunjulie kaburi lake.

Mwaka uliofuata, 1981, jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki na Afrika mjini London lilitoa makala ya Richard Hayward na Mohammed Hassan, yaliyoeleza mfumo wa Sheikh Bakri herufi kwa herufi. Ni kwa makala hayo dunia ya wasomi ilimjua, naye amekwisha zikwa. Sifichi kwamba jambo hili huniuma. Siku hizi katika vyuo vya Ulaya, kama kile cha Reading nchini Uingereza, kuna watu wasomao mpaka shahada za juu namna ya kuunda herufi za lugha zisizo za Kilatini, na maswali waulizanayo ndiyo yale aliyoyajibu mzee wa Hararghe akiwa amekaa juu ya ngozi ya mbuzi.

Utawala wa Derg ulipoanguka mwaka 1991, Waoromo walikutana Addis Ababa mwezi wa Novemba, wakakata shauri lugha yao iandikwe kwa herufi za Kilatini, wanazoziita qubee. Wako wanaosema walikosea, na wako wasemao kwamba taipureta na kompyuta ziliwaamulia kabla hawajaketi. Mimi nawaona wa pili kuwa na haki zaidi. Lakini itazame hiyo qubee vizuri. Irabu ndefu huandikwa mara mbili, na konsonanti iliyokazwa huandikwa mara mbili. Sauti zile za kooni zimepewa herufi zake, na dh imetengwa na d. Masharti yote aliyoyaweka Sheikh Bakri, kwamba maandishi ya Kioromo yasipoonyesha mambo haya hayatoshi, yametimizwa katika herufi za wengine.

Waborana wa Isiolo nao huandika kwa Kilatini, ingawa kila mtu na mtindo wake, wengine wakiiga Kiswahili na wengine wakifuata ndugu zao wa ng'ambo ya Moyale. Ndiyo maana kibao cha maziwa kilikaa nusu siku bila neno.

Siku ya pili nilipopita kwenda kupanda gari, nilikikuta kimetundikwa. Kijana alikuwa ameandika aanan, irabu mbili mwanzoni, kwa rangi nyekundu, na chini yake maziwa kwa herufi ndogo zaidi. Pembeni, mahali ambapo wachoraji huweka nambari zao za simu, aliweka kialama kimoja nisichokijua. Nilimuuliza kama ni herufi ya Sheikh. Akasema bado hajaziona. Hicho alikizua mwenyewe, kwa ile dh ya siagi, na akina mama walikuwa wameshaanza kubishana juu yake.